Kabla ya Kufuta Meseji

Kibanda changu nimekiacha. Magoti yamekataa, na macho hayaoni tena visikurubu vya simu. Lakini watu hawajakubali kwamba nimestaafu. Hata jana, naanika nguo zangu, binti wa jirani kasimama langoni na simu mkononi: "Eeddo Habiba, hebu angalia hii. Ni ya kweli ama ni wakora?"

Eeddo ni shangazi, na mimi siku hizi ni shangazi wa mtaa mzima. Basi nimeona bora niyaseme haya kwa mkupuo mmoja, kwenu ninyi mnaokuja kuuliza, na hasa kwenu ninyi mnaoona haya kuuliza. Maana wazee wakitapeliwa hulia sokoni mpaka kila mtu ajue. Vijana mkitapeliwa mnanyamaza, mnabadilisha laini, na mnajifanya simu imeibwa.

Kazi yangu ilikuwa hapa Garissa, Suq Mugdi, kwenye kibanda cha mabati kati ya muuza vitambaa na Mutua, Mkamba aliyeuza nyanya. Nilichaji simu, nikauza laini, nikabadilisha vioo na betri. Na nilisoma meseji. Hiyo haikuandikwa kwenye kibao, lakini ndiyo iliyojaza benchi langu. Akina mama waliotoka Bura na malisho ya huko Fafi walifika na maziwa yao ya kuuza na mulika mwizi zao zimeisha chaji. Waliniachia simu, wakaenda sokoni, na wakirudi waliketi, wakafunua uso kidogo kupunga hewa, wakasema: "Habiba, nisomee." Wengi hawakupata shule. Waliopata kidogo walikuwa na Kisomali, si Kiswahili cha meseji kilichokatwa mikia.

Kusoma meseji ya mtu si kazi ya mdomo tu. Unajua nani ameposwa, nani ameachwa, nani ameuza ngamia bila kumwambia kaka yake. Aliyenifundisha kusoma na uso mkavu ni Abti Guled, kaka yake mama yangu. Kabla ya simu hizi yeye alikuwa mtu wa taar, zile redio za mawimbi. Chumba kimoja, maikrofoni moja, betri ya gari chini ya meza, na jamaa wa Eldas wanaita jamaa wa Garissa huku nusu ya nchi yetu inasikiliza. Mimi nilikuwa msichana wa kuita majina mlangoni. Watu walifikiri kazi ya abti ni kugeuza vitufe. Kazi yake hasa ilikuwa kujua ni nani anayezungumza.

"Jina si kitu," aliniambia. "Sisi Wasomali mtu yeyote anaweza kukutajia babu zako hadi wa saba. Muulize kitu cha nyumbani."

Siku moja akaingia hewani mtu aliyejiita kaka wa mfanyabiashara mmoja, anataka mbuzi wakabidhiwe dereva fulani upesi. Abti akamuuliza, "Ngamia jike anayekamuliwa kwanza pale kwenu anaitwaje?" Redio ikakoroma tu. Kisha yule mtu akasema, "Ngamia ni wengi." Abti akamjibu, "Basi na kaka ni wengi," akaita zamu inayofuata.

Simu zilipokuja nilidhani elimu ya abti imekwisha kazi. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mkora wa redio alihitaji ujasiri wa kusikika na watu wote. Mkora wa meseji anahitaji kidole tu.

Mtaniuliza zinatambulikanaje. Nitawaambia nilivyoona. Meseji ya mkora ina pumzi fupi: inataka ufanye sasa hivi, kabla hujamaliza chai yako. Tena haipendi watu. Inakwambia usimwambie yeyote. Nyingine inakuja kama umepokea pesa, halafu mtu analia kwenye simu kwamba amekosea namba, umrudishie. Mimi sikutazama meseji hata siku moja, nilitazama salio. Meseji inaandikwa na yeyote, salio haliandikwi na mkora. Na zile tarakimu za siri zinazoingia kwenye simu yako bila wewe kuziomba, kisha anapiga mtu mwenye sauti ya ofisi anakuomba umsomee, hizo hata mama yako aliyekuzaa usimpe. Mama hana kazi nazo.

Si wote waliokuja kwangu walihitaji msaada. Mzee mmoja wa kutoka Buna aliambiwa ameshinda gari. Akanikataza kufuta. Akawapigia mwenyewe, kwa Kiswahili chake. "Hiyo gari iko tairi ngaphi? Mimi nataka ya kuphita mchanga." Wakamwambia atume ada kwanza. Akasema, "Hakuna shida, lete gari Buna, mimi nitawachinjia mbuzi." Wakamwambia Buna ni mbali. Akawauliza, sasa watu wenye magari ya kugawa bure wanashindwaje kufika Buna? Nadhani hao ndio wakora wa kwanza kumkatia simu mteja wao.

Lakini niliyekusudia kuwaambia habari zake ni Dahabo.

Dahabo alikuwa mfugaji wa Bura, mwanamke mrefu, mjane, mwenye ulimi wa kuchoma. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Bishar, utingo wa lori la kubeba mbuzi kwenda Nairobi. Mara ya kwanza aliponiletea meseji ya wakora ilisema hivi: mama, ni mimi kijana wako, polisi wamenishika, simu wamechukua, tuma kitu kwa hii namba, usiambie mtu.

Nikamuuliza, "Bishar hukuandikia Kiswahili?"

"Bishar? Aniandikie mimi Kiswahili?" Alicheka kwa dharau. "Nitamchapa na fimbo ya ngamia."

"Hukuitaje?"

"Hooyo. Aniite nani tena?"

Hooyo ndiyo mama kwetu. Hakuna mtoto wa Kisomali, hata awe Nairobi miaka mingapi, anayepatwa na shida akamwita mama yake kwa neno lingine. Nikapiga namba ya Bishar tuliyoijua. Akapokea yuko Thika, mdomo umejaa wali. Dahabo akamgombeza kwa kumtisha, ingawa maskini hakujua hata kosa lake.

Tangu siku hiyo Dahabo akawa na sheria: namba ikiwa haina jina na maneno ni ya Kiswahili, futa. Akawafundisha wenzake kisimani. Mama aliyekuja kwangu kutoka Bura alikuwa na sheria hiyo mdomoni kabla hajasema salaam. Iliwafaa sana. Naamini mbuzi wengi walibaki zizini kwa ajili yake.

Sasa sikieni. Asubuhi moja ya kiangazi Dahabo alifika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa amehamia na mifugo mbali, kusiko na mtandao, na simu ilikuwa imezima. Nikaichomeka. Ilipowaka tu ikaanza kulia, meseji juu ya meseji, mpaka Mutua akageuka kwenye nyanya zake kutazama.

"Nisomee," akasema Dahabo.

"Zote za Kiswahili. Namba haina jina."

"Futa."

"Nizisome kwanza."

"Futa, Habiba. Ni wale wana wa haramu wa bolisi wa uongo. Mimi nina maziwa ya kuuza, yataganda."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Lakini Abti Guled alikuwa na mwiko mmoja: ujumbe wa mtu huufuti kabla hujaufikisha wote. Ukishaufikisha, mwenyewe ataamua. Nikasoma.

Ya kwanza ilisema: Mama Bishar piga hii namba haraka kijana amepata ajali yuko hospitali Mwingi.

Mnaona wenyewe. Haraka iko. Ajali iko. Namba ngeni iko. Kama ungenipa meseji hiyo peke yake hata leo, ningekuambia ina harufu. Nikapiga simu ya Bishar. Haipatikani. Nikampigia tajiri wa lori. Laini ina shughuli.

"Yuko njiani," Dahabo akasema. "Ile njia haina mtandao kila mahali." Lakini alikuwa akifunga kifuniko cha debe la maziwa, na mkono ulisimama.

Ya pili: Anahitaji damu. Ndugu yeyote aje. Mimi ni nesi.

Hapo nikakaa wima. Haikuomba pesa. Nikaishuka yote, nikaipanda tena. Hakuna mahali pesa imetajwa. Mkora anayekuita uje mwenyewe, mchana kweupe, kwenye jengo lenye askari mlangoni, huyo ni mkora wa aina gani?

Ya tatu niliisoma kwa sauti kama nilivyozoea, Kiswahili kwanza, ndipo nitafsiri. Ilisema: Mama, kijana hajaamka vizuri. Anasema tu huyo, huyo, lakini pale hakuna mtu. Huyo ni nani? Tumwite nani?

Ninyi mmesoma shule za Waswahili, mtasoma "huyo" kama huyo. Lakini ulimi wangu ni wa Kisomali. Neno lilitoka mdomoni mwangu likiwa limevutwa kidogo, na nikalisikia masikioni kabla sijalielewa. Dahabo hakujua Kiswahili. Katika meseji nzima alielewa neno hilo moja.

"Rudia," akasema.

"Walaal, dada yangu, subiri nikutafsirie..."

"Hapo pa mwisho. Anasema nini?"

"Anasema hooyo," nikamwambia. "Yule mwanamke hajui ni nini. Anauliza hooyo ni nani."

Dahabo alikaa chini, kwenye mchanga, mbele ya benchi tupu. Debe la maziwa likaanguka na Mutua akaruka kulisimamisha. Kisha Dahabo akaninyooshea mkono. "Piga hiyo namba."

"Bado kidogo."

"Bado nini? Wewe umesikia!"

"Nimesikia. Lakini sitapiga namba iliyo ndani ya meseji mpaka nipite njia nyingine."

Aliniita jina ambalo sitalirudia, na sikumlaumu. Kumzuia mama wakati kama huo ni kama kumshika mtu anayeungua. Lakini nilijua kwamba mama mwenye moyo uliopasuka akishika simu atatoa chochote atakachoambiwa. Wakora wanajua hivyo. Meseji tatu zingeweza kuwa ndoana tatu, ya nne ndiyo yenye kuvuta. Sikuamini hivyo tena, wallahi sikuamini. Ila kuamini na kuhakikisha ni kazi mbili.

Nikamgeukia Mutua. "Dada yako si yuko Mwingi?"

"Anauza chai karibu na hospitali."

"Mwambie aingie wodi ya wanaume aulize kama kuna kijana Msomali aliyeletwa na ajali ya lori. Asiseme jina. Amtazame tu, atuambie anafananaje."

Mutua alipiga akiwa bado ameshika nyanya. Aliongea Kikamba haraka haraka. Tukangoja. Katika kungoja huko Dahabo alikuwa akipitisha tasbihi bila kuhesabu. Mama wa vitambaa alileta maji, hayakunywewa. Simu ya Mutua ilipolia, alisikiliza, akatugeukia.

"Yuko mmoja. Mrefu. Kichwa kimefungwa bandeji. Anauliza mtu wenu ana alama hapa?" Akagusa juu ya jicho, mahali nyusi inapoishia.

"Pembe ya beberu," Dahabo akasema nilipomtafsiria. "Alikuwa mdogo. Nilimshona mimi mwenyewe."

Ndipo nikapiga ile namba.

Aliyepokea aliitwa Sista Mwende, na alikuwa amekasirika kweli. "Mmekuwa wapi? Nimepiga hadi nikachoka, imezimwa! Nimeandika tangu juzi!"

"Simu ilikuwa malishoni," nikamwambia. "Na leo ilipowaka, karibu tukufute. Tulidhani wewe ni mkora."

Akashusha pumzi. "Hata mimi ningedhani hivyo," akasema. "Niliandika vibaya."

Hakuandika vibaya. Aliandika kama mtu mwenye wodi nzima inayomwita. Dereva wa lori ndiye aliyempa namba, kwa sababu Bishar alizoea kuazima simu yake kumsalimia mama. Baadaye dereva alihamishiwa Nairobi, tajiri akaandamana naye, na kijana akabaki bila mtu wa kumsemea. Alikuwa anajua Kiswahili vizuri sana. Kilichokuwa kimebaki kichwani mwake siku zile ni Kisomali tu, na katika Kisomali, neno moja.

Dahabo alipanda basi asubuhi hiyo hiyo pamoja na mtoto wa kaka yake. Kitambulisho alikuwa nacho, alhamdulillahi, akikivaa shingoni kama hirizi, kwa hiyo vizuizi vya barabarani havikumrudisha. Maziwa yake tulimuuzia sisi. Mutua aliita wateja kwa Kisomali chake cha nyanya, "Caano! Caano!" mpaka watu wakaja kumtazama yeye, wakaishia kununua.

Na damu? Kabla basi halijavuka nusu ya njia, dada yake Mutua alikuwa amemuuliza Sista Mwende kama yake inaweza kufaa. Wakampima, ikafaa. Mwanamke aliyeingia wodini kutazama kovu, akatoka amefungwa pamba kwenye mkono, akarudi kwenye chai yake. Nilimuuliza Mutua baadaye kwa nini dada yake alifanya vile kwa mtu asiyemjua. Akasema, "Alikuwa tayari ameshafika."

Bishar alipona polepole. Mguu mmoja haujarudi kama zamani, na malori ameyaacha. Leo ni dalali pale soko la mifugo, na mkienda kununua mbuzi wa Idd mtamsikia kabla hamjamwona, ulimi ni wa mama yake.

Dahabo aliniuliza baada ya hayo, sasa sheria yake aifanye nini, aitupe? Nikamwambia asiitupe. Wakora hawajaisha kwa sababu nesi mmoja alisema kweli. Aongeze tu kwamba meseji inasomwa mpaka mwisho, na shaka ikikuingia hujamaliza kazi, ndiyo kwanza unaanza kuuliza. Muulize mtu wa karibu na mahali hapo. Mpigie ndugu kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Siku hizi naambiwa hata sauti inaigwa, picha inatengenezwa inacheka na kulia. Sawa. Waigize watakavyo, waulizeni jina la ngamia. Na kama nyumba yenu haina ngamia, basi tafuteni kitu chenu wenyewe leo, mkiwa mmekaa pamoja mnakula, kabla siku ya kukihitaji haijafika.

Mvua iliponyesha, Dahabo alikuja kibandani na mtungi wa nyirinyiri, ile nyama kavu iliyokatwa vidogo vidogo ikahifadhiwa ndani ya samli. Alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake kwa ajili ya Sista Mwende. Tukaufunga mtungi vizuri, tukaupeleka ofisi ya vifurushi vya basi, nami nikamwandikia sista. Laini yangu ilikuwa imekufa wiki hiyo, nikatumia laini mpya: Sista, kuna mzigo wako ofisi ya basi Mwingi, nenda uchukue.

Jibu lilikuja mara moja. Nikalisoma kimya kwanza.

"Anasemaje?" akauliza Dahabo.

Nikaweka uso mkavu. "Anasema: Sijaagiza mzigo wowote. Tafuta kazi, mkora wewe."

Dahabo alicheka hadi akajishika mbavu, na Mutua akaja kuuliza kuna nini. Nilitaka kumpigia sista nimweleze. Dahabo akanikataza. "Mwache. Ataulizia."

Na kweli aliulizia. Aliwapigia watu wa basi kwa namba yao ya ukutani, wakamwambia mzigo upo na umetoka kwa nani. Kesho yake ikaingia meseji nyingine, ndefu, yenye samahani nyingi. Mwishoni aliuliza nyama hii inapashwa moto ama inaliwa hivyo hivyo, na kama ni halali yake kumgawia daktari aliyemtibu Bishar, kwa sababu ameinusa na ameipenda.

Nikamtafsiria Dahabo neno kwa neno. Akafikiri kwa makini, kama mtu anayepanga bei.

"Mwambie inaliwa hivyo hivyo, na chai," akasema. "Na daktari Mungu ambariki sana. Lakini mwambie ale yeye. Daktari hakuniandikia."